Taa ya Kushoto

Tangu juzi Zuhra alikuwa hasemi na mumewe, isipokuwa "chakula tayari" na "funga mlango." Husseni alikuwa amempigia simu dada yake Mwanaisha, mjane aliyebaki peke yake Newala, akamwambia ahamie kwao Masasi. Habari hizo Zuhra alizisikia bombani, kwa jirani.

Alasiri hiyo ndiyo ilikuwa ya kwenda kumchukua. Husseni alipiga moto pikapu yao kuukuu, akajaribu taa. Ya kulia iliwaka, ya kushoto ikagoma. Na wakati wa kurudi giza lingewakuta wakiteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala, kule ambako ukungu ukitanda hata taa mbili hazitoshi.

Akachomoa globu ya kushoto, akaipachika kulia. Ikawaka. Kumbe nzima. Akatazama fyuzi, nayo nzima. Alipotaka kuzitikisa nyaya huku swichi imewashwa, akaona mikono miwili haitoshi. Akaja mlangoni, amejipangusa kwa kitambaa.

"Mama Lukmani, nisaidie kutazama mbele. Mimi nitawasha."

Zuhra alifunika sufuria polepole, kisha akatoka.

"Imewaka?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado, Baba Lukmani."

Waliendelea hivyo, na Zuhra akajikuta anaitazama taa kwa makini, hasira ameisahau kidogo. Kitu kikamshangaza.

"Hebu zima. Washa ile ndogo peke yake."

Taa ndogo ya pembeni ikawaka vizuri.

"Sasa washa kubwa."

Ile ndogo ikafifia, ikabaki nyekundu kama kaa linalozimika.

"Ukiwasha kubwa, ndogo inafifia!"

Husseni akashuka kuja kujionea. Akatabasamu. "Basi moto unafika, ila hauna njia ya kurudi. Ni waya wa hasi huo, ule unaofungwa kwenye bodi."

Waliufuata kwa vidole mpaka chini ya betri. Bolti ilikuwa imevimba kutu. Zuhra akamulika kwa simu, Husseni akafungua kwa spana na kuanza kusugua kwa msasa.

"Ungeniuliza," Zuhra akasema, macho kwenye bolti.

Msasa ukasimama. "Ungekataa?"

"Nisingekataa. Mwanaisha ni wifi yangu, amenilelea Lukmani nilipokuwa naumwa. Lakini nyumba ni yangu pia. Nimesikia bombani kama mgeni."

Husseni akapuliza kutu kwenye bolti. "Niliogopa ukisita," akasema, "ningeshindwa kumwambia dada. Nimekukosea, mama. Nisamehe."

Zuhra akainama karibu zaidi. Akachukua msasa mkononi mwa Husseni, akamalizia kusugua upande ambao mumewe hakuufikia, mpaka chuma kikang'aa. Husseni akafunga waya, akaingia garini kuwasha. Mwanga mweupe ukampiga Zuhra kifuani, akarudi nyuma akicheka.

"Imewaka?"

"Imewaka! Zima, unanipofusha!"

Alikwenda kuvaa baibui, akapanda mbele. Njiani walizungumza habari za chumba: kitanda kikae dirishani, maana Mwanaisha hapendi joto la Masasi.

Newala walimkuta ameketi juu ya mizigo yake, mnyonge, kama mtu asiye na hakika na anakokwenda. Husseni alitaka kutangulia, Zuhra akamgusa mkono, akashuka yeye kwanza.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kweli?"

"Tumekuja," Zuhra akasema, akijitwisha furushi la kwanza. "Chumba chako nimekwisha kukupangia."