Kopo la Kuuzia

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kitako cha kopo. Niliingiza mkono ndani kupangusa vumbi, vidole vikafika chini mapema mno. Kitako kilikuwa kimegongwa kutoka nje, kikainuka ndani kama goti. Ukilitazama juu juu, lilikuwa kopo la maziwa ya unga kama makopo mengine yote.

Asubuhi ile nilikuwa nimelitoa chini ya meza ya duka la tata, baba yangu. Yalikuwapo mawili. Moja alipimia mahindi aliyonunua kwa wakulima wa Mutshatsha, jingine alipimia unga wa wateja. Dukani hakuniruhusu kupima, kwa hiyo tofauti yake sikuijua. Nilichukua lililokuwa karibu.

Siku hiyo darasa letu la tano lilikuwa linauza unga. Mwalimu Masudi alikuwa amechoka kutuandikia ubaoni habari za biashara. "Biashara haiandikwe, inafanywa," alisema. Akatupeleka kwenye shamba la shule kila Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja, mpaka tukavuna. Mahindi tuliyabeba wenyewe hadi kwenye mashine, na tulipokwisha kusaga, tukapiga kura. Mimi, ambaye sikuwahi kuinua mkono darasani, nikachaguliwa kuwa muuzaji, kwa kuwa baba yangu, tata Tshibangu, ana duka. Asia, niliyeketi naye dawati moja, akapewa kijiti cha kusawazisha unga kwenye mdomo wa kopo, kila mtu apate sawa. Unga ukiisha tungenunua vioo vya madirisha.

Tata hakuupenda mpango huo. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa amemwambia mwalimu kwamba msichana akijua kusoma barua inatosha. Angeniacha nifike darasa la sita, nipate cheti, mradi asisikie tatizo lolote. "Moja tu," alisema, "na anarudia ku nyumba."

Sasa akina mama walikuwa wamejipanga na mabeseni yao. Ningeweza kusema hapo hapo kwamba kopo lilikuwa linapunja. Nilijaza kopo, nikaongeza konzi moja juu. Asia akaipangusa kwa kijiti.

"Unafanya nini, Ngalula? Unagawa ya bule?"

"Uache kidogo," nilinong'ona.

"Mwalimu alisema sawasawa. Ao hawa bote ni bandugu yako?"

Kila konzi niliyoongeza, yeye aliirudisha guniani.

Kabla ya saa sita mama yake Asia akarudi na beseni kichwani. Hakusalimia mtu.

"Mwalimu, hapa nimenunua makopo ine. Ku nyumba nimepima, inatoka tatu. Ile ingine ilikuliwa na nani?"

"Uliza ule anauzisha," mama mwingine akasema. "Mwangalie, anainamisha kichwa kama kuku ya mvua."

Mwalimu Masudi alilichukua kopo, akaligeuza. Kisha akaagiza kopo jingine la aina ile ile kutoka nyumbani kwake, nyuma ya shule. Akajaza letu, akamimina unga wake katika lile. Ukakomea vidole viwili chini ya mdomo.

"Muangalie muzuri, batoto," alisema. "Hii njo somo ya leo."

Wenzangu walisogea, lakini walikuwa wananitazama mimi, si kopo.

"Ngalula. Nani alipiga hii kopo?"

Nilianza kufunga mdomo wa gunia.

"Kadogo hivi," mama Asia akasema, "na bwizi anajua tayari."

Wakamwita tata. Alikuja na unga mikononi. Macho yake yalitua juu ya kopo, yakasimama hapo kidogo, halafu yakanijia.

"Ulikamata hii wapi?" aliniuliza mbele ya wote.

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. Alinitazama mpaka nikalimeza. Ndipo akanipiga kofi, mara mbili, shavu lile lile.

"Mwalimu, mi nilikuletea mutoto muzuri. Weye unamufundisha kuiba, unasema ni masomo. Inaisha leo."

"Tata Tshibangu, mumuache afike hata ku ya sita."

"Ya sita ya bwizi?"

Akina mama wakacheka. Mwalimu akamkabidhi tata kopo.

Jumatatu Asia alipita mbele ya duka na madaftari yake. "Bonjour, muuzaji," alisema, bila kusimama. Mimi nilikuwa nyuma ya meza. Makopo yote mawili yalikuwa yamerudi mahali pake. Tata alinionyesha kwa kidole: hili la kununulia, ambalo kitako chake kimesukumwa nje, na lile la kuuzia. Nimepima kwa hayo mpaka leo.

Tata, kopo lilikuwa lako. Hukunitoa shuleni kwa sababu nilikuaibisha. Ulinitoa kwa sababu Jumatatu ile mwalimu angeniuliza tena, ukiwa hupo, na uliogopa kwamba ningejibu.

Ningejibu.