Mkebe Chini ya Magunia

Stima ilipokatika, Sista Waiyego alifanya kama wauguzi wa zahanati ile walivyozoea kila masika: alizipeleka chupa za dawa ya kukaza kizazi ng'ambo ya mto, kwenye mtambo wa kupozea maziwa wa chama cha wafugaji, kule karibu na mji mdogo wa Ziwa, ambako jenereta haizimwi. Alijibakizia mbili. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulitegemea daraja, na daraja lilizama siku iliyofuata.

Sasa chupa zote mbili alikwisha kumdunga Brenda, aliyejifungua saa nne asubuhi, na damu haikukoma. Mama mkwe wa Brenda alikuwa amelikandamiza tumbo la mzazi kwa viganja, kama alivyoelekezwa.

"Mikono imechoka, sista."

"Ichoke, Mama. Lakini usiitoe."

Trekta ya chama ilisikika ikitoka majini. Kimutai, dereva wake, alikuwa amepiga simu: dawa imo ndani ya mkebe wa maziwa, pamoja na barafu. Waiyego alikimbia nje.

Kwenye tela palikuwa na rundo la magunia ya unga, na juu yake wageni wanne wa kanisa moja la Eldoret mjini. Mzee Kigen, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alikwisha kuwapanga watu mstari, vichwa wazi mvuani. Hapa msaada haushushwi kabla ya kuombewa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

"Mzee, Brenda anaisha," alisema Waiyego.

"Dakika mbili tu, sista. Hawa wageni wamepita maji kwa sababu yetu. Tuwaaibishe?"

Mchungaji wa wageni alifumba macho. Alianzia kwa Nuhu. Waiyego, ambaye hakuwa na ugomvi na Mungu, alikadiria umbali kutoka kwa Nuhu hadi magunia haya, akaukadiria pia ujazo wa damu ya mwanamke mmoja. Akakanyaga gurudumu, akapanda.

"Mkebe uko wapi?" alimnong'oneza Kimutai.

"Chini kabisa. Walisema unga ukae juu, uonekane kwa picha."

Waiyego alivuta gunia la kwanza. Likateleza, likaanguka matopeni kwa kishindo. Macho yakafumbuka mstari mzima.

"Sista," alisema Mzee Kigen kwa sauti ya chini, "hatujasema amina."

"Semeni, Mzee. Mimi sijawazuia."

Kimutai alimtazama mwenyekiti, akavaa kofia yake maombi yakiendelea, kisha akashika upande wa pili wa gunia lililofuata. Yalianguka saba. Mawili yalipasuka, na unga ambao nyumba kadhaa ziliungoja kwa wiki nzima ukageuka uji wa rangi ya udongo. Mchungaji hakunyamaza, aliongeza sauti.

Mkebe ulipofunguliwa kando ya kitanda, chupa zilikuwa baridi. Waiyego alidunga moja pajani mwa Brenda, akatia nyingine kwenye maji ya mshipa, akaingiza mkono chini ya viganja vya mama mkwe. Tumbo lilikuwa bado laini kama unga uliokandwa. Nje watu waliitikia amina. Akangoja. Taratibu, chini ya vidole vyake, kitu kikaanza kuwa kigumu.

Aliondoa pamba iliyolowa, akaweka nyingine. Alipoiinua, weupe wake ulikuwa mwingi kuliko wekundu.

"Sasa toa mikono, Mama," alisema.

Mama mkwe hakuitoa.