Kivuli cha Tangi la Tatu

Kwa miezi mitano tangu tumzike baba, kila kibao cha chuma kilichovishwa shaba kwenye tangi la tatu kilitoka na kivuli. Ndivyo tunavyopaita karakanani pale shaba inapokaa nyembamba. Hiki kilikuwa chini kushoto, kipana kama kiganja, na wenzangu waliacha kabisa kulisogelea tangi hilo saa ya chakula. Walisema ukibaki peke yako unasikia mwiko ukigonga ukingo, ko, ko, ko, kama alivyougonga marehemu akikoroga dawa, ile asidi ya tangini.

"Mzee wako hajaondoka," Glavu aliniambia. Alifanya kazi na baba miaka kumi na minne, na tunamwita hivyo kwa sababu glavu zake za mpira hazivui hata akinywa chai.

"Mzee wangu yuko kaburini. Na wewe acha maneno."

Mimi si mtu wa kuletewa mizimu asubuhi asubuhi. Lakini iliniuma. Meneja alikuwa ameshaandika kwamba baba aliliharibu tangi kwa kulikoroga ovyo, na alinipa mpaka Ijumaa nieleze kivuli kinatoka wapi. Nikishindwa, maneno hayo yanabaki kwenye faili la baba. Nilitaka kumsafishia jina, basi.

Kazi yangu ni kutengeneza modeli, yaani kulijenga tangi ndani ya kompyuta. Umeme ukipita, ioni, yaani zile chembe za shaba zilizoyeyuka kwenye dawa, zinakwenda kuganda kwenye chuma. Zilizo karibu zikiisha, nyingine lazima ziletwe na mkondo wa pampu, na mkondo ukiwa mnyonge, kona hiyo inashinda na njaa. Miaka miwili iliyopita modeli yangu ilisema mkondo unafika kila kona. Baba alikuwa ameomba pampu mpya. Meneja akamjibu, "Kompyuta ya binti yako inasema hii inatosha." Jioni hiyo baba alinitania mezani kwamba nimempiga bao mchana kweupe, nami nikacheka kwa raha zangu.

Alhamisi niliiendea pampu yenyewe. Nilifungua bomba lake, nikakinga dawa kwenye ndoo nikihesabu sekunde. Nikarudia mara tatu, maana sikuamini. Ilikuwa ikisukuma chini ya nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibati chake. Na mimi, wakati ule, nilinakili kibati. Sikushuka kupima. Nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari.

Niliingiza kipimo cha kweli kwenye modeli. Kivuli kikajitokeza kwenye skrini, chini kushoto, kipana kama kiganja. Kisha nikaongeza kitu kimoja tu, ubao unaokwenda na kurudi upande wa kushoto, mahali aliposimama baba. Kivuli kikafutika, shaba ikakaa sawasawa kona hadi kona.

Nilimfuata Glavu. "Baba alikuwa anakoroga kwa nini?"

Alivua glavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuviona vidole vyake.

"Alitukataza tusikwambie," alisema. "Alisema, 'Mwanangu hajakosea, pampu tu imezeeka, nitaisaidia.' Tukamwambia mzee, mvuke wa hiyo asidi utakumaliza, toka hapo. Akasema akitoka, wewe utafukuzwa."

Mwaka na nusu aliinama juu ya mvuke ule ili hesabu zangu zitimie. Daktari alisema ni kifua. Nyumbani tuliilaumu sigara, ambayo alikuwa ameshaiacha, na aliyemsema kuliko wote ni mimi.

Ijumaa, saa ya chakula, karakana ikiwa tupu, nilikwenda na ripoti mpaka tangi la tatu. Mwiko ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake, mkavu. Nikasubiri, nikijiona mjinga.

Ko. Ko. Ko.

Ulikuwa mwendo wake, polepole. Niliogopa, na papo hapo nikatamani asiache.

"Baba," nikasema, "sikiliza nilichoandika."

Nilimsomea habari za pampu, ndoo na sekunde, na kugonga kukaendelea vilevile. Nilipofika kwenye mstari usemao, "Kosa ni la mtengeneza modeli, ambaye hakupima," kukageuka kukawa mbio, kokokoko, kama mtu anayekoroga baada ya kumwona msimamizi anakuja. Maji ya tangi hayakutikisika hata kidogo.

Hata sasa alikuwa ananifichia. Mbishi mpaka huko alikokwenda.

"Inatosha, baba. Weka chini. Ni kosa langu."

Hakuweka. Nikatia sahihi, jina langu kisha lake, nikapanda ngazi kwenda kwa meneja, na nyuma yangu bado anakoroga.