Moto wa Mashine

Jumatatu tarehe 11 Machi 1985, asubuhi, Maduhu alitoka chooni ameshika ukuta. Hakusikia maumivu popote. Damu tu, mbichi, ina ute, na haikutoka kwenye mkojo ulikokuwa ugonjwa wake. Ilitoka nyuma.

Miezi minane kabla, Dar es Salaam, walimlaza chini ya mashine wiki sita kumchoma saratani ya tezi dume. Mashine haikuwa na moto wala moshi. Wakubwa wa makoti meupe wakasema, "Mzee, umepona, nenda kwenu," wakampa barua ya Kiingereza aipeleke zahanati ya kijiji, huko nje ya Masumbwe. Akaipeleka. Mganga Cornel akaitia kwenye droo bila kuifungua. Ndio wenye vyeo hao.

Maduhu alikuwa mgane. Aliyemlisha ni Bernadina, mdogo wa marehemu mkewe.

"Shemeji, umekonda kama fimbo. Kula basi, au nimekupikia udongo?"

Damu ilipotimiza mwezi, alikwenda kwa Masele, mpiga ramli. Maduhu akatemea mate kijiti, kijiti kikatiwa mdomoni mwa kifaranga, kifaranga kikapasuliwa. Masele akainama kuangalia. Utumbo ulikuwa mweupe, safi, isipokuwa mwisho kabisa, karibu na mkia. Pale ulikuwa mwekundu, kama umebabuliwa.

"Hukuniambia unaumwa wapi."

"Sikukwambia."

"Kimesema chenyewe. Ni mwanamke. Anakulisha."

Barazani, habari za ramli zilipofika, mwenyekiti wa walinzi wa kijiji alimuuliza Maduhu mara moja tu. "Baba Mageni, nani anakulisha?"

Maduhu alijua jina lile likimtoka, mama yule hana tena pa kulala. Likamtoka. Mwenyekiti hakuuliza la pili. Alimfukuza Bernadina palepale, kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Bernadina alijitwika sufuria moja. Alipompita Maduhu alisimama. "Haya, shemeji. Leo utakula hiyo damu yako."

Wiki tatu baadaye Cornel alikuwa akitafuta karatasi ya kuandikia, akaikuta barua. Akaja nayo mbio, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba. Wameandika hapa kwamba ile mionzi huunguza na utumbo wa nyuma. Damu inaweza kuja baada ya miezi mingi. Hujarogwa."

"Iliandikwa lini?"

"Julai."

"Mwaka jana?"

Cornel akampa barua yake.

Kesho yake Maduhu alishika njia ya Ushetu, kwao Bernadina, kwa miguu, amrudishe shemeji yake. Alibeba matambara, akawa anachepuka porini kila haja ilipombana ghafla. Kaya ya kwanza walimwambia, "Mama mwenye sufuria? Alipita jana."

Jana? Ameondoka wiki tatu sasa!

Siku ya pili, kaya nyingine, mbali: "Alipita jana."

Siku ya tatu: "Jana, jua likiwa hapa. Tulimpa maji."

Siku ya nne, Maduhu miguu haimbebi tena, alimkuta mwanamke akipanga majani makavu ya tumbaku.

"Jana," alisema yule mwanamke. "Hakutaka hata kukaa. Alisema anawahi kumpikia mgonjwa wake."

"Akaelekea wapi?"

"Huko unakotoka."

"Mimi nimekuja na njia hiyohiyo, mama. Ni moja tu."

Mwanamke akaacha kupanga majani, akamtazama.

"Basi mbona hamkukutana?"