Mkono wa Eusebia

Tangu aolewe, Eusebia hakuwahi kufiwa na mtoto hata mmoja wa alpaka, wale wanyama wa sufu wa milimani, na hilo ndilo lililomponza. Mama Hilaria, mavyaa wake, alilitangazia bonde zima kuwa mkamwana wake ana mkono wa baraka, na mwenye mkono kama huo hateremshwi mjini. Basi mumewe Fortunato akawa anafyatua matofali kule Juliaca, naye Eusebia amebaki huku juu kwenye baridi ya kukata masikio, analala chumba kimoja na mavyaa na kumsikiliza akikoroma. Alichoka mpaka akawachukia wanyama wenyewe.

"Mama, nami nina mume," alisema siku moja.

"Mume hafi kwa baridi, ndama wanakufa. Siku mkono wako ukiharibika, mwanangu, nitakufungia mzigo mimi mwenyewe. Apande mke wa shemeji yako ashike nafasi yako, ananenepa bure huko chini."

Baada ya mvua ya mawe akazaliwa ndama jike, mweupe, dhaifu. Kila asubuhi Eusebia aliwapima ndama mmoja mmoja: anamtia kwenye mfuko wa kitambaa, anamning'iniza kwenye mizani, anatazama kitovu, kisha anamtia kidole kinywani. Kinywa kikiwa na joto, mzima. Kikiwa baridi, huyo anakufa. Huyu mweupe uzito ulikuwa umeshuka, na kinywa kinaanza kupoa.

Shetani akamnong'oneza, ingawa tusimsingizie shetani peke yake. Hakutakiwa kufanya lolote. Akae tu, afe mmoja, naye ashuke kwa mumewe.

"Yule mweupe vipi?" Mama Hilaria aliuliza toka mlangoni.

"Hajambo, Mama," alisema, uso ukimwaka kwa aibu.

Akaenda kuteka maji, akachelewa makusudi. Aliporudi ndama alikuwa amelala ubavu, shingo chini. Eusebia akampita. Akarudi. Akamtia kidole, na yule kiumbe, pamoja na ubaridi wote ule, akakinyonya.

"Mwanaharamu wee!" alisema huku analia kwa hasira. Akamkamua mama wa ndama, akamnywesha kidogo kidogo, akamfunga tumboni kwake ndani ya blanketi. Jua linazama, ndama akasimama.

Mama Hilaria alikuwa ameyaona yote. Kesho yake akaja na sindano na nyuzi za sufu nyekundu, zile za kutundikwa masikioni mwa alpaka, kila mwenye mnyama na rangi yake.

"Nyekundu ya nani, Mama?"

"Yako! Toka leo una mnyama wako, na wazao wake wako. Sasa wewe ni mtu wa hapa kabisa." Akacheka kwa furaha ya kweli, hakuwa na ubaya wowote.

Eusebia alitaka kukataa. Lakini bondeni humo hakuna aliyewahi kuwaacha wanyama wa rangi yake akaheshimiwa tena, hata na mumewe.

"Mshike kichwa, asije akaumia," alisema Mama Hilaria.

Akapiga magoti, akamshika barabara, sindano ikapita sikioni.