Kifusi cha Julai

Ukitaka kuliona shimo likiinuka kutoka kwenye karatasi, unaweka picha mbili sambamba chini ya miwani ya mezani, unayaacha macho yatulie, halafu unangoja. Liévin Ngeleka alikuwa na macho mepesi kwa kazi hiyo. Wenzake walihangaika robo saa nzima. Yeye alihesabu mpaka tano tu na karatasi ya kijivu ikageuka nchi: kingo zikasimama, bonde likazama, malori yakajipanga barabarani kama punje za mchele. Asubuhi hiyo ya Julai 1961 baridi ya Lubumbashi ilikuwa imemkakamaza vidole, na alichokiona kikamkakamaza mwili wote. Katika mtaro wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe ya Kaluku, mahali palipokuwa patupu mwezi Juni, palikuwa na mapaa arobaini na moja.

Hakushangaa. Aliogopa. Wiki mbili kabla, Feruzi, mtia makaa wa treni ya kaskazini na jirani yake katika kambi ya wafanyakazi, alimletea habari kwa mdomo, maana barua siku hizo zilikuwa zinafunguliwa. Léonie, dada yake Liévin, alikuwa hai. Askari walichoma kijiji cha mumewe, mume mwenyewe hajulikani alipo, naye Léonie na watoto wake wawili, pamoja na familia nyingine, wameteremka kujificha kwenye mtaro ambao Kampuni ya madini, mwajiri wa Liévin, ilikwisha kuuchimba na kuuacha. Wameezeka kwa mabati ya mapipa na kuyapaka vumbi la makaa yasing'ae juani.

"Anasema yaya asiambie muntu," Feruzi alimaliza; yaya kwao ni ndugu mkubwa. "Hata bibi yako."

Kila mwezi ndege ndogo iliruka juu ya Kaluku na kupiga picha, na Liévin akachora yaliyobadilika: ukingo mpya wa shimo kwa wino mwekundu, kifusi kwa nukta, nyumba kwa vijisanduku vyeusi. Kazi safi, ya kukaa kitini, ambayo kabla ya uhuru Mwafrika hakuruhusiwa hata kuikaribia. Lakini tangu Katanga ijitenge na Kongo ramani zile zilikuwa na wasomaji wa aina mbili. Mainjinia walitafuta makaa. Jeshi lilitafuta vijisanduku, maana kila nyumba mpya porini lilihesabu kuwa maficho ya waasi.

Saa nne Bwana Delcourt, mkuu wa ofisi ya ramani, aliingia akifuatana na Luteni Ngosa wa jeshi la Katanga. Luteni alikuwa kijana mpole, sare imepigwa pasi, kofia ameishika mkononi kama mgeni wa heshima. Watu wa kambini waliuogopa upole wake kuliko makelele ya askari wake.

"Monsieur Ngeleka, ça va? Bananiambia kuko moshi kule Kaluku. Picha inasema nini?"

"Ni vumbi ya malori, mon lieutenant."

Ngosa akaweka kidole juu ya mtaro. "Na hii bidogo-bidogo?"

Liévin alikuwa bado hajaamua la kusema, na mdomo ukaamua wenyewe. "Kifusi. Ule udongo wa juu wenye banatoa mbele ya kufikia makaa. Malori iko inaleta, inamwaga."

"Na huu mustari mweupe?"

"Mufereji ya mayi."

Mstari mweupe ulikuwa njia ya miguu, kutoka kwenye mapaa hadi kijitoni. Kifusi hakiendi kuteka maji. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile mwezi mmoja angeligundua hilo. Ngosa aliinama juu ya miwani, lakini macho yasiyozoea hayakumpa kitu zaidi ya mitaro miwili ya kijivu kando kwa kando. Akainuka akisugua kope. Delcourt, ambaye angeweza kuona vizuri sana kama angejisumbua kuinama, aliwasha sigara.

"Ngeleka hapana kosa," akasema. "Kazi yake ni muzuri."

Basi Liévin akachora nukta arobaini na moja, akauchora mfereji, akaweka sahihi yake chini ya ramani ya Julai. Alipotoka saa kumi na moja alijiona mjanja. Alikuwa amewafukia watu wa mapaa arobaini na moja kwa wino mbele ya macho ya luteni, na luteni akamshukuru!

Usiku huo alishindwa kuificha siri, akamweleza Hortense, mkewe. Hortense hakucheka.

"Basi umebaficha beye, Baba Bijou. Na shiye, nani atatuficha?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Wao walikuwa watu wa Kasai, na watu wa Kasai, waliohesabiwa kuwa maadui wa Katanga, walikuwa wanatafutwa mji mzima na vijana wenye minyororo ya baiskeli. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa ametolewa nje na godoro lake. Nyumba waliyolala ndani yake ilikuwa ya Kampuni, kadi ya kupitia vizuizi vya barabarani ilikuwa ya Kampuni, na binti yao Bijou alisoma shule ya Kampuni. Siku Liévin atakapopoteza kiti kile, saa hiyohiyo familia nzima itakuwa barabarani.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja tarishi alimwekea mezani mpango uliotoka Kaluku, aunakili kwa wino ili upelekwe matbaani. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Shimo jipya lilikuwa linapanuka, na mainjinia walihitaji mahali pa kumwaga udongo wake. Walikuwa wamechagua mtaro wa zamani. Sababu iliandikwa kwa herufi nzuri za taipureta: mtaro huo umekwisha kuanza kujazwa kifusi, kama ramani ya Julai inavyoonyesha. Malori yatamwaga kutoka ukingo wa juu, usiku na mchana. Kazi inaanza Jumatatu.

Aliukunja mpango. Akaomba ruhusa kana kwamba anakwenda chooni, akatoka mbio hadi stesheni. Feruzi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la chakula, hana kazi.

"Treni haiende tena," akasema. "Daraja ilivunjika, leo siku ya tano. Mi mwenyewe niko nangoja."

"Kuko lori yenye kwenda?"

"Iko ya askari." Feruzi akamtazama usoni. "Mambo gani, Liévin?"

Liévin akageuka. Alirudi ofisini jasho linamtoka katika baridi ile, akagonga mlango wa Delcourt kabla ujasiri haujamtoka nao.

"Bwana, kule kuko bantu."

Delcourt hakuinua kichwa. "Wapi?"

"Mu mutaro ya zamani. Ile kifusi ya Julai si kifusi. Ni manyumba."

"Nani anasema?"

"Mi nasema. Nilisema uongo, bwana. Dada yangu eko mule."

Delcourt akaondoka kitini, akaufunga mlango taratibu. Kwa kitendo hicho Liévin alipata matumaini, na baadaye alijilaumu kwa kuyapata.

"Sikia muzuri. Mimi nasimamisha malori, ingénieur atauliza juu ya nini. Mimi nitaandika: kuko bantu. Karatasi yenye kusema bantu inapita kwanza kwa luteni, ni sheria. Luteni atatuma askari kule. Kiisha atakuya hapa kukamata weye. Unataka mimi naandika?"

Liévin akatikisa kichwa.

"Mimi hapana andika, malori inaanza Jumatatu. Unataka hiyo?"

"Nataka siku mbili tu, bwana. Batoke."

"Banatoka, banaenda wapi?"

Hilo Liévin alilijua zaidi ya Delcourt. Upande wa mashariki walikuwa askari, upande wa magharibi walikuwa askari, na barabara ya Lubumbashi ilikuwa na vizuizi sita. Ndiyo maana watu wenye akili zao waliteremka kwenda kuishi ndani ya shimo.

"Na nani ataniambia wewe iko nasema kweli leo?" Delcourt akaendelea, na safari hii sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyeharibiwa mchana wake. "Ramani iko na sahihi yako." Akamsukumia karatasi tupu na kalamu. "Haya. Andika wewe. Kile utaandika, mimi natuma."

Liévin alikaa mbele ya karatasi ile nusu saa. Neno "nyumba" aliliandika mara mbili kichwani na mara mbili akawaona askari wakishuka mtaroni. Mwishowe akaandika uongo mwingine, kwani ndio uliokuwa umebaki: kwamba picha zinaonyesha udongo wa mtaro wa zamani umelowa maji, ni laini, malori yatatitia, na inafaa kungoja mwezi mmoja ukauke. Delcourt aliisoma, akainua nyusi, akaituma kwa redio.

Jibu lilifika kabla ya saa kumi. Mainjinia wa Kaluku walimshukuru mchoraji kwa uangalifu wake. Kwa kuwa malori hayatateremka bali yatamwaga kutoka juu, ulaini hauna madhara. Ila kwa tahadhari wataongeza kimo cha kifusi ili kikamue maji.

Jumatatu Liévin alikwenda kazini. Jumanne alikwenda kazini. Aliwaza kukimbia, kwenda kwa miguu, kumfuata luteni na kupiga magoti. Kila alipowaza alimwona Hortense na Bijou wamekaa juu ya godoro nje ya mlango, na vijana wanakuja. Akachonga penseli. Alijichukia, na alizichonga vizuri.

Daraja halikutengenezwa. Feruzi hakuleta habari, nzuri wala mbaya.

Picha za Agosti zilifika tarehe kumi na tisa. Delcourt alizileta mwenyewe, akaziweka mezani, akabaki amesimama nyuma ya kiti. Liévin alihesabu mpaka tano. Alihesabu mpaka ishirini. Mtaro wa zamani ulikuwa haupo. Palikuwa na mgongo mrefu wa udongo, laini, umemwagika vizuri kutoka ukingoni, hauna alama yoyote juu yake. Kama watu walitoka kabla, picha haikusema. Kama hawakutoka, haikusema pia.

"Kaluku banataka ujazo," Delcourt akasema. "Mita ya cube, yote. Leo."

"Ndiyo, bwana."

"Na utoe ile kifusi ya Julai mu hesabu. Tusihesabu mara mbili." Akasita kidogo. Pengine naye alikuwa amesikia alichokisema. Kisha akachukua sigara zake akaenda.

Ujazo hupatikana kwa kimo, na kimo hupimwa kwa kijiti chenye skrubu ambacho huzungushwa mpaka nukta yake ikae juu kabisa ya kitu. Liévin aliupima mgongo wa Agosti kwanza: mita kumi na moja upande mmoja, mita kumi na tatu upande wa pili. Kisha akafungua droo, akatoa picha za Julai ili apime kile cha kupunguza, akaziweka chini ya miwani. Mapaa yakainuka yote kwa pamoja.

Alizungusha skrubu mpaka nukta ikatua juu ya la kwanza. Mita mbili na nusu. Akaandika. La pili, mita mbili. La tatu lilikuwa dogo, limeegemea la pili, pengine jiko. Mita moja na robo. Akaandika hilo nalo. Kuelekea saa sita alikuwa amefika la kumi na saba, na Delcourt, akipita na kikombe chake cha kahawa, akamkumbusha kwamba ukurasa wa kwanza wa hesabu bado haujatiwa sahihi.