Kiti cha Mbishi

Kiti kiliwekwa mbele, kando ya meza ya viongozi, na hakuna aliyetaka kukitazama. Kilikuwa cha mbao nzito, hakina mto wala nakshi, na mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea tangu zamani. Aliyekikalia alilazimika kukaza miguu yake mwenyewe sakafuni, la sivyo kingemyumbisha kama punda asiyetaka mzigo. Watu walikiita Kiti cha Mbishi.

Katika chama cha wenye maduka wa mtaa ule, aliyepingana na wengi alikalia kiti hicho na kusema neno la mwisho kabla ya kura. Akisema, hakuna kumkatiza, hakuna kutoka nje. Kura ikimwangusha, alimpa mwenyekiti mkono, na kesho yake yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishika kazi aliyoipinga. Jambo hilo halikuandikwa kwenye katiba ya chama. Ndivyo mambo yalivyofanywa, basi.

Mchora vibao, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, hakuwahi kukikalia. Yeye alikuwa mtu wa wengi. Mkono wake ulipanda na mikono ya wenzake, ukashuka nayo, na jioni alilala usingizi wake bila deni la maneno na mtu. Kiti kilikuwa na mwenyewe: marehemu Misumari, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mwembamba kama reki, mwenye sauti kama ya mlango wenye kutu unaofunguliwa.

Misumari alipinga karibu kila kitu. Alipinga maduka kufungwa siku ya mapumziko. Alipinga mtaa kuwekewa vigae. Alipinga bendera ya chama tawala kupachikwa kwenye mlango wa ukumbi wao, na wapinzani waliposhika madaraka akapinga na ya kwao. "Mlango ni wa kupita watu," alisema, "haujaombwa kupepea." Watu walivunjika mbavu kwa kicheko, Brashi akiwashinda wote. Kisha wakapiga kura, wakamwangusha, na asubuhi wakamkuta barabarani na sururu, anatukana na kuchimba shimo la kwanza la vigae alivyovikataa.

"Sasa mbona unachimba, na jana ulikataa?" Brashi alimuuliza siku ile.

"Jana nilikataa. Leo nimeshindwa. Hujaona tofauti?"

Brashi hakuiona. Aliondoka akitikisa kichwa, akisema moyoni kwamba mkaidi hakosi la kujibu.

Sasa Misumari alikuwa kaburini, duka lake likiendeshwa na bintiye, na mwenyekiti wa chama alikuwa kijana muuza simu ambaye Brashi alimjua tangu akivaa kaptula. Ndiye aliyekuja karakanani kwa Brashi asubuhi moja, akapita kwa uangalifu kati ya makopo ya rangi ili asichafue viatu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa, ila usiegemee hapo. Haijakauka."

Mwenyekiti akabaki amesimama. Alikuja na habari njema, na alizisema kwa furaha ya kweli; hakuwa mtu mbaya. Kampuni moja kubwa ya simu ilikuwa tayari kuwawekea vibao vipya mtaa mzima, bure. Vibao vya plastiki, vyenye taa ndani, vyote rangi moja ya kijivu, vyote maandishi ya aina moja, na alama ndogo ya kampuni pembeni. Mtaa ungependeza, ungeonekana wa kisasa. Wakazi wa maghorofa mapya wangeacha kuupita kama wanaopita uchochoro. Na Brashi asingeachwa nje: angelipwa kusimamia uondoaji wa vile vya zamani.

"Hutapanda ngazi tena, mjomba. Utasimama chini, unyooshe kidole tu."

"Nimeshafika umri wa kunyoosha kidole?"

"Sikusema hivyo!"

"Umesema. Umesema vizuri tu, kwa adabu."

Wakacheka wote wawili. Lakini kijana alipoondoka, Brashi aliiacha brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa, akatoka nje, akautembea mtaa toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

Vibao vyote vilikuwa vya mkono wake. Kinyozi alitaka achorewe mkasi na kitana, kisha akataka na kichwa, kisha akakasirika kwamba kichwa kile kinafanana na cha shemeji yake. Mwokaji mikate alisisitiza moshi uwepo juu ya mkate, ili watu wajue ni wa moto. Mwenye duka la dawa, mtu wa maneno machache, alikubali jina lake tu, jeupe juu ya kijani, akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Baba angeliona hili." Kibao cha Misumari kiligombewa siku nzima, kwa sababu Misumari alikataa katakata nyundo iliyoshikwa kwa mkono wa kulia. Yeye alikuwa wa kushoto, na hakutaka mgeni adanganywe tangu mlangoni. Na juu ya duka la mshonaji alisimama mwanamke kijana ndani ya gauni la bluu, shingo ndefu, macho ya kucheka. Huyo alikuwa mke wa Brashi kabla hajawa mke wake.

Siku zile mtu hakupata kibao bila kukaa na mchoraji na kujieleza: wewe ni nani, unauza nini, unataka watu wakufikirie vipi. Wengine walianza kusema biashara wakaishia kulia. Brashi alikuwa hajawahi kuliwaza hilo kama kitu kinachoweza kuisha.

Nyumbani alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Heri nishuke pale ukutani," alisema. "Miaka yote hii nimesimama, hakuna hata aliyeniletea kigoda."

"Sifanyi mzaha mimi."

"Naona. Sura imekukunjamana kama hili shati." Akaliweka shati kando. "Unataka kubisha, sivyo?"

"Nitaonekana nalilia tumbo langu. Watasema mchora vibao anatetea vibao."

"Watasema. Kwani Misumari walimsemaje?"

Kikao kilifanyika ukumbini, juu ya duka la mikate, sakafu ikiwa na vuguvugu la tanuri lililo chini. Mwenyekiti alieleza, picha zikapitishwa mkono kwa mkono. Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Binti Misumari alisimama, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya babaye iliyotiwa mafuta kidogo.

"Mimi sizunguki," alisema. "Baba aliniachia duka, hakuniachia wateja. Wale wa maghorofani wananunua misumari mbali, kwenye maduka yenye taa, halafu wanakuja kwangu kuniuliza njia. Nikiwekewa taa bure, naikataa kwa lipi? Kwa kumbukumbu? Kumbukumbu hainunui hata kitasa."

Wakampigia makofi. Brashi mwenyewe nusura apige. Mwenyekiti akauliza, kwa kutimiza tu desturi, kama yupo mbishi. Brashi akajikuta amesimama. Ukumbi ukageuka kumtazama, kinyozi akaguna, "Haa! Na wewe?" Akatembea hadi kwenye kiti, akaketi, kikamyumbisha, na wengine wakacheka kicheko kilekile alichokuwa akikicheka yeye. Sasa alikisikia akiwa upande huu, akakaza miguu sakafuni.

"Siji kusema kila cha zamani kilikuwa kizuri," alianza. "Choo chetu cha zamani kilikuwa balaa, na nilinyoosha mkono kibomolewe. Hata bibi yenu wa misumari anasema kweli, na mimi sina taa ya kumpa. Ila nawaambieni ninachokiona. Tunapewa kitu bure na mtu asiyetujua hata mmoja. Hakumuuliza kinyozi anataka nini. Hakumuuliza mtu wa dawa baba yake alikuwa nani. Ametuona mtaa, akatupaka rangi moja. Kesho akituchoka, atakuja na nyingine, na sisi tutakuwa tumeshasahau kuchagua. Siku hizi neno likishaitwa maendeleo, anayeuliza swali anaonekana adui. Mimi siyo adui. Nimewachora nyote. Nazijua sura zenu kuliko mnavyozijua wenyewe, na sitaki mfanane. Basi. Nimemaliza."

Mtu wa dawa alikuwa anatazama mikono yake. Kisha kura ikapigwa, na mikono iliyopinga ilikuwa miwili: wa Brashi na, baada ya kusitasita, wa mtu wa dawa. Mwenyekiti akampa Brashi mkono, akauminya kwa upole.

"Umesema vizuri, mjomba. Kweli kabisa. Na usijisumbue kesho. Kampuni inaleta watu wake na mashine. Hayo ya mbishi kuanza kazi ni ya kizamani, hatutaki kukuumiza moyo." Akageukia watu. "Tena kikao kijacho tutaamua hili: kura zetu ziwe kwa simu. Kila mtu dukani kwake, anabonyeza, kwisha. Hata kiti hiki tutakipeleka stoo, kisije kikamvunja mtu kiuno."

Brashi alishuka ngazi, shingo imekakamaa. Njia nzima alikuwa akijibizana na watu wasiokuwepo. Wachukue vibao vyao! Wavibandue wenyewe, na mikono yao laini! Yeye angefunga karakana siku hiyo, asitoe hata pua nje, wajue kwamba amekasirika. Mawazo hayo yalikuwa matamu, akayatafuna hadi mlangoni kwake, na ni hapo utamu ulipomwishia. Mwenyekiti alimwomba nini? Alimwomba abaki nyumbani. Kama mbishi akishindwa anasusa, basi kile kiti kilikuwa kiti tu, na stoo ndiyo mahali pake. Desturi ile ilikuwa imebaki mikononi mwake peke yake, na alikuwa karibu kuiangusha kwa hasira, huku akijiona mlinzi wa mambo ya kale.

Alimwona Misumari na sururu yake, akitukana na kuchimba. Leo nimeshindwa. Hujaona tofauti?

"Ngazi ndefu iko wapi?" alimuuliza mkewe asubuhi.

"Ilipo siku zote. Lakini walisema usi..."

"Nimesikia walivyosema."

Mkewe akamtazama, kisha akaingia ndani akamletea kofia yake ya kazi, ile yenye madoa ya rangi zote za mtaa.

Alianza na kibao cha Misumari. Watu wa kampuni walikuwa hawajafika. Aliegemeza ngazi, akapanda taratibu, magoti yakilalamika, na wenye maduka wakatoka mmoja mmoja wakasimama milangoni, kama walivyokuwa wakisimama zamani kumtazama mwenye sururu. Mwenyekiti alikuja mbio. Kisha akavua koti lake safi, akalitundika kwenye kitasa, akaenda kushika ngazi. Upande wa pili ulikuwa umeshashikwa na Binti Misumari.

Skrubu zilikuwa zimeota kutu. Brashi alizizungusha, akazipulizia, akazibembeleza kwa jina la Mungu na kwa majina mengine. Uso wake ulikuwa karibu na ile nyundo, akauona mchirizi mdogo wa rangi alioukosea siku ile na kuuficha ndani ya kivuli, akidhani hakuna atakayeujua. Skrubu ya mwisho ilipotoka, uzito wote ulimwangukia kifuani, akaukumbatia, akashuka nao.

Binti Misumari alikipokea kibao, akakiegemeza ndani, nyuma ya kaunta, mahali ambapo mnunuzi asingekiona ila yeye angekiona. Ukutani pakabaki alama ya mstatili, nyeupe kuliko ukuta wote.

"Umenikasirikia, Mjomba Brashi?"

"Jana, ndiyo."

"Mimi taa naitaka. Sikudanganyi."

"Najua. Umesema wazi."

"Ila..." Akafuta mikono yake kwenye kitambaa cha kiunoni. "Jana nilikuangusha nikikutazama machoni. Nilikosa raha, lakini nilikusikiliza hadi mwisho. Kwa simu ningekuangusha huku napima misumari."

Hakungoja jibu. Alivuka mtaa, akaingia mlango wa ukumbi, na Brashi akasikia vishindo vyake kwenye ngazi za mbao, kupanda, kisha kushuka, vikiwa vizito zaidi. Alitokea anahema, Kiti cha Mbishi kimeinuliwa mbele yake kama ngao. Mwenyekiti alikuwa bado anafuta kutu kwenye viganja vyake.

"Mama, hicho ni cha kwenda stoo!"

"Kwani dukani kwangu hakuna stoo?"

Alikigeuza miguu juu kwenye kaunta, akavuta droo, akachagua msumari kwa kuupima na kidole gumba kama alivyofanya babaye. Brashi alimfuata hadi mlangoni.

"Huo mguu usiupigilie," alisema. "Baba yako alitukataza. Alisema mbishi akishastarehe, atabisha kwa utamu."

"Baba alikuwa mwembamba. Mimi nikikikalia kikao kijacho na mguu huu, nitakuwa chini kabla sijafungua mdomo." Akaweka msumari wa pili kati ya midomo yake, akasema kwa upande wa mdomo uliobaki, "Njoo ushike hapa. Kaza. Usiogope vidole."

Nje, gari la kampuni lilikuwa linaingia mtaani, linapiga honi. Brashi akaiacha ngazi ilipo, akaingia, akaushika mguu wa kiti kwa mikono yote miwili. Binti Misumari akahamishia nyundo mkono wa kushoto.